Mzee na Mti wa Lind

Kabla ya kuwasha mashine, mzee huunusa ubao. Huushika kwa mikono miwili, akauinamisha kwenye mwanga wa dirisha, akatazama nyuzi zinaelekea wapi, kisha akausogeza puani. Mara ya kwanza kumwona akifanya hivyo, katika chumba cha chini cha jengo moja la ghorofa hapa Skärholmen, Sweden, nilidhani anatafuta ukungu. "Ubao uliohifadhiwa vibaya hunuka, mwanangu," aliniambia. "Mashine haina pua."

Mzee huyu alijifunza uchongaji Unguja, kwa mjomba wake, enzi ambazo kijana alifagia maranda mwaka mzima kabla ya kukabidhiwa patasi. Leo mbele yake kuna kompyuta, mashine ya leza inayokata kwa mwali wa mwanga, na nyingine ya CNC inayozungusha kisu chembamba kama sindano ya gunia. Wapo wanaosema ameusaliti ufundi. Mimi nimekaa naye Jumamosi nyingi, nami nasema hakuusaliti.

Mti anaoutumia Wasweden huuita lind, na ndugu yake wa Marekani ndiye anayependwa sana na wenye mashine hizi. Sisi hatuna jina lake maana hauoti kwetu. Ni mweupe, mwepesi, hauna utomvu, na nyuzi zake zimelala sawasawa. Mbambakofi ungezibishia patasi za mjomba; huu hausumbui. Ubao wa milimita 3 mwali huupita mara moja na kuacha ukingo wa rangi ya kahawa. Lakini ulaini huo huo humuumbua mzembe: kisu kikiwa butu, au kikienda kinyume cha nyuzi, ubao huota manyoya. Na nyumba za huku zikiwashwa joto wakati wa baridi, hewa hukauka hata ubao ukapinda kama jani. Kwa hiyo mzee huzilaza mbao zake siku kadhaa chini ya uzito kabla ya kuzigusa.

Siku moja alinionyesha kipande cha gome la mti huo. Akanieleza kwamba zamani wakulima wa nchi hii walilibambua mwanzo wa kiangazi, wakalitumbukiza ziwani wiki kadhaa mpaka likaachana tabaka kwa tabaka, kisha wakasokota kamba. Nilinyamaza. Nilikuwa nimemwona bibi yangu, maji yamekupwa, kanga imefungwa kiunoni, akifukua makumbi ya nazi aliyoyafukia mchangani miezi kadhaa. Harufu ile ilikuwa nzito, ya kuoza na ya chumvi, nasi watoto tuliikimbia. Yeye aliyatwanga makumbi kwa mti mpaka nyuzi zikatoka safi, za dhahabu, akazisokotea pajani. Alifanya hivyo bila haraka, huku akizungumza na wenzake. Watu wa ziwa Mälaren na watu wa pwani yetu hawakuwahi kukutana, na kila mmoja alikwenda majini kuyaomba maji yamfanyie kazi ambayo mkono peke yake hauiwezi. Gome lile ninalo nyumbani hadi leo.

Anachokitengeneza mzee ni milango. Milango midogo, ya ukubwa wa msahafu uliofunguliwa, yenye mbao mbili, dume kulia na jike kushoto, na mfaa katikati wa kuziba mwanya. Mchoro huuchora kwa penseli kwanza. Kompyuta huupokea baadaye. Anajua kwamba mwali hula sehemu ndogo ya milimita kila unapopita, hivyo kila ulimi huuchora mnene kidogo ili uingie kwenye tundu lake kwa kubanwa. Mashine ikimaliza, huchukua patasi. Leza huchoma mstari, lakini ua la nakshi linataka bonde na kilima, mwanga na kivuli, na hapo ndipo ninaposikia tena mgongo wa patasi ukigongwa, polepole, chumba kizima kikinyamaza.

Zanzibar, desturi ilikuwa mlango kusimamishwa kwanza, nyumba ikajengwa kuufuata. Beit al-Ajaib, jumba la Sultan Barghash la mwaka 1883, lilikuwa na milango ambayo wageni walisimama mbele yake wakapigwa na bumbuwazi. Sehemu ya jumba hilo iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020. Mzee alipata habari hapa hapa, theluji ikianguka nje. Hakufungua mashine wiki ile.

Kinachoniuma ni hiki. Siku hizi nauziwa zawadi zenye sura ya mlango wa Zanzibar, zimekatwa kwa leza kutoka kwenye picha ya simu. Mfaa umegeuzwa pambo, hauzibi chochote. Mnyororo wa nakshi umekatika katikati, kwa sababu aliyebonyeza kitufe hakujua kwamba ni mnyororo. Masizi yameachwa ukingoni, yanachafua vidole. Mti haukukosa, na mashine haikukosa. Kilichokosekana ni mtu wa kuuliza.

Ng'ambo ya barabara kuu, Kungens Kurva, IKEA inauza samani tangu 1965. Kituo chetu cha biashara kilifunguliwa 1968. Watoto wetu wamekulia kati ya majengo hayo, wanajua kuunganisha kabati kwa kufuata karatasi, na sijamwona hata mmoja akiunusa ubao. Wanakuja chumbani kwa mzee, wanaiangalia leza ikiwaka, wanapiga video, wanaondoka kabla patasi haijatoka kwenye kitambaa chake.

Patasi hizo ni tisa, alikuja nazo kutoka Unguja zimefungwa kwenye kipande cha kanga. Mzee amevuka miaka sabini na mkono wa kulia umeanza kutetemeka. Ndugu zangu mnaoishi Vårberg, Sätra na Bredäng, leteni watoto Jumamosi, na muwaache wakae mpaka jioni.