Aibu ya Mzazi na Njia ya Huruma: Zakaria na Kumalo Katika Mizani

Mwalimu mpendwa, nawe mtahiniwa, swali kuhusu dini katika riwaya hujibiwa mara nyingi kwa orodha: mhusika huyu anasali, yule anakwenda kanisani, mwingine ni mnafiki. Orodha ya namna hiyo haitufunulii kazi ambayo imani inafanya katika msuko. Katika makala haya, nakualika ujiulize swali jingine: mzazi Mkristo anapopatwa na aibu kwa ajili ya mtoto wake, anaipeleka wapi aibu hiyo? Tutazilinganisha riwaya mbili. Ya kwanza ni Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka wa 1971. Ya pili ni Cry, the Beloved Country, aliyoiandika Alan Paton wa Afrika Kusini na kuichapisha mwaka wa 1948.

Tuanze na majina, kwani mbinu ya majazi inatufungulia mlango. Rosa Mistika ni mojawapo ya sifa anazoitwa Bikira Maria katika litania. Regina, jina la mama yake Rosa, maana yake ni malkia. Babake ni Zakaria. Katika Injili ya Luka, Zakaria ni mzee aliyefungwa ulimi hadi mwanawe alipopewa jina, na alipofunguliwa alimsifu Mungu. Zakaria wa Namagondo, kisiwani Ukerewe, hakufungwa ulimi wala mkono. Ni mwalimu aliyeipoteza kazi yake kwa ulevi, na nyumba imebaki mabegani mwa Regina. Hapa pana kinaya kizito: familia imejaa majina matakatifu, ilhali utakatifu wenyewe haujaingia katika malezi.

Zakaria anapogundua kuwa Rosa ameandikiwa barua na kijana Charles, anamwadhibu kwa ukatili mbele ya watu. Watahiniwa wengi huandika kuwa Zakaria ni katili, kisha wakaishia hapo. Ni kweli, lakini jibu hilo halijakamilika. Chunguza chanzo cha ukatili huo. Mtu huyu anajua kwamba kijiji kinamwona ameanguka. Akiwa hana heshima yake mwenyewe ya kulinda, anailinda kwa fimbo heshima anayodhani imo ndani ya mwili wa binti yake. Aibu yake anamtwika mtoto. Rosa anaondoka nyumbani akiwa na woga wa wanaume badala ya busara ya kuishi nao. Woga huo unapovunjika, hakuna kitu kingine cha kumshikilia. Anaporomoka, anatoa mimba, na Charles anapomkataa anajiua. Mwishoni Kezilahabi anawasimamisha baba na binti mbele ya Mungu, nao wanashtakiana. Hata huko aibu bado inarushwa kutoka kwa mmoja hadi kwa mwingine.

Sasa mtazame Stephen Kumalo, kasisi Mwanglikana wa kijiji cha Ndotsheni, Natal. Aibu yake si ndogo kuliko ya Zakaria. Pengine ni kubwa zaidi. Anasafiri hadi Johannesburg na kumkuta dadake Gertrude akiuza pombe na mwili. Mwanawe Absalom amempa msichana mimba, tena amemuua kwa bastola Arthur Jarvis, Mzungu aliyekuwa akiwatetea Waafrika. Hapa pia jina lina uzito. Absalomu wa Biblia alimwasi babake, Mfalme Daudi, lakini alipouawa Daudi alimlilia. Paton anatuandaa kumwona mzazi atakayeumizwa na mwana asiyeacha kumpenda.

Je, Kumalo ana huruma kwa kuwa ni kasisi? La. Hapo ndipo ustadi wa Paton ulipo. Kumalo anapokutana na msichana aliyetiwa mimba na mwanawe, anamtega kwa swali chafu la kumdhalilisha, kisha anaona haya na kumwomba radhi. Anamdanganya nduguye John kwa nia ya kumwumiza. Kanzu haimkingi. Kinachomtofautisha na Zakaria ni kwamba anayaona makosa yake mwenyewe na kuyatubu. Anayejua kuwa amesamehewa hana sababu ya kumrushia mwenzake jiwe. Kwa hiyo msichana yule anaozwa Absalom gerezani, kisha anapelekwa Ndotsheni akiwa mkaza mwana wa kasisi. Kumalo anamwungamia mzee Jarvis, babake marehemu, kwamba muuaji ni mwanawe. Arudipo kijijini, anawaombea Gertrude na Absalom kwa majina yao mbele ya waumini. Aibu iliyotajwa hadharani haina tena nguvu ya kumtawala.

Mlinganishe pia na John, nduguye. Yeye anamtafutia mwanawe wakili ili akane kuwapo mahali pa mauaji, na mwanawe anaachiliwa. Absalom anasema kweli na kunyongwa. Mwandishi hatuahidi kwamba toba inalipa hapa duniani.

Hata hivyo, mhakiki makini atauliza: je, huruma ya Kumalo si unyenyekevu wa mnyonge katika nchi isiyo na haki? Pingamizi hili lina uzito, na usiogope kulitumia katika insha yako. Maziwa ambayo mzee Jarvis anawapelekea watoto wa Ndotsheni hayarudishi ardhi iliyonyakuliwa. Lakini kumbuka kuwa Paton anaonyesha pia jinsi ardhi iliyochoka na migodi ilivyozivunja familia. Aliyaona hayo kwa karibu, kwa kuwa aliongoza shule ya kurekebisha tabia ya Diepkloof kuanzia 1935. Huruma haichukui nafasi ya haki. Inamwezesha mzazi kumtazama mtoto aliyekosa bila kumkana.

Mwalimu mwenzangu, mjadala huu haukomei kitabuni. Tangu mwaka wa 1994, sera ya elimu nchini Kenya inamruhusu msichana aliyejifungua kurejea shuleni. Sera hufungua lango tu. Darasani ndiko atakakojua kama amekutana na Zakaria au na Kumalo. Unapofundisha riwaya hizi, huenda yumo mbele yako mwanafunzi anayesikiliza kwa makini namna unavyomtaja Rosa. Ukimwita malaya aliyestahili mwisho wake, utakuwa umempa jibu lake.

Nawe mtahiniwa, ukiulizwa umtathmini Zakaria, usimtetee na usimlaani tu. Onyesha aibu yake, onyesha alikoipeleka, kisha umtaje aliyelipa gharama.