Kicheko Mbele ya Maiti: Je, Tuendelee Kumtazama Padri Mpelelezi?

Walimu wa shule moja hapa Mbeya wametuomba shauri. Jumamosi jioni wanafunzi wao wa bweni hupewa ruhusa ya kutazama televisheni, na tangu muda sasa wametazama mchezo wa Kiingereza uitwao Father Brown, habari za padri wa kijiji agunduaye wauaji. Baadhi ya walimu wasema ni mchezo safi, hauna matusi wala damu nyingi. Wengine wasema si vema kuwazoeza vijana kuyaona mauaji kuwa burudani. Je, waendelee au waache? Sisi wenyewe tuliuanza zamani tulipokuwa tukifundisha Iringa, tukauacha, kisha tukaurudia. Basi tutasema tulivyoona.

Mchezo huu ulianza kuonyeshwa na BBC mwezi wa Januari mwaka 2013, na hata sasa vipindi vyake vimepita 100. Mark Williams ndiye achezaye padri, naye hukaa katika kijiji cha kubuniwa kiitwacho Kembleford, katika Uingereza ya miaka ya 1950. Karibu kila kipindi mtu hufa. Mkuu wa polisi humkamata upesi mtu asiye na hatia. Padri huja kwa baiskeli yake, mwavuli mkononi, huuliza maswali madogo madogo, na mwisho kweli hujulikana. Katikati ya hayo yote kuna mzaha mwingi, hasa wa mama yule atunzaye mambo ya parokia, ambaye hujisifu kwa mikate yake na hajui kufunga kinywa.

Sababu iliyotufanya tuuache ni neno la bibi mmoja mzee, Mhehe, aliyekuwa mgeni wetu Iringa. Yeye hakujua Kiingereza, nasi tulikuwa tukimfasiria. Alitazama kwa utulivu mpaka mwisho, watu wa mchezo wakinywa chai na kucheka, ndipo akauliza, "Wanangu, huyu marehemu wamemzika lini?" Tukamjibu, "Bibi, mazishi hawakuyaonyesha." Akanyamaza kidogo, akasema, "Na hawa wanaocheka, ni nani kati yao aliyechimba kaburi?" Hatukuwa na jibu. Tulipojaribu kulikumbuka jina la marehemu, hapakuwa na mmoja wetu aliyelikumbuka, ingawa jina la muuaji tulilijua sote.

Msomaji asidhani kwamba bibi yule alichukizwa na kicheko chenyewe. Wahehe wanajua kucheka msibani, na watani wao Wangoni, waliopigana nao vita vikali katika karne ya 19, wanajua vilevile. Mtani huja matangani akaigiza mwendo wa marehemu na sauti yake, akawatania wafiwa hata wakacheka huku machozi yakiwatoka. Wala desturi ya kuchanganya kilio na furaha si ya Iringa peke yake. Godfrey Wilson, aliyeandika mwaka 1939 juu ya mazishi ya Wanyakyusa, alieleza jinsi ngoma na michezo ya vijana ilivyosimama pamoja na maombolezo. Lakini kicheko cha mtani kina bei yake. Mtani ndiye ashikaye jembe, ndiye afanyaye kazi nzito ambazo wafiwa hawaziwezi kwa uchungu. Kwa kuwa amembeba maiti, amepewa haki ya kucheka. Mtu asiye mtani akicheka vile vile, amewatukana wenye msiba.

Hiki ndicho kipimo tunachokiona kuwa chafaa kwa michezo ya namna hii. Tusiulize tu kama watu wa mchezo wanacheka. Tuulize kama yuko mmoja anayeichukua kazi ya mtani, yaani anayemhudumia marehemu kweli.

Ili kujibu, ilitupasa kurudi kwa mtungaji wa kwanza. Padri huyu alibuniwa na G. K. Chesterton, na kitabu cha kwanza cha habari zake kilitoka mwaka 1911. Katika hadithi ya kwanza padri amtambua mwizi aliyejivika mavazi ya upadri, kwa sababu mwizi yule aliidharau akili ya kibinadamu, jambo ambalo kwa padri halikuwa elimu njema ya dini. Katika hadithi iitwayo The Hammer of God, ambayo ndiyo iliyofanywa kuwa kipindi cha kwanza cha televisheni, mtu auawa karibu na kanisa kwa pigo moja la nyundo ndogo. Pigo lile lilikuwa kubwa kuliko nguvu za mtu, na mhunzi wa kijiji asema ni mkono wa Mungu uliompiga mwenye dhambi. Padri hakubali. Apanda mnarani, aona jinsi nyundo iliyoangushwa kutoka juu ipatavyo nguvu kwa kuanguka, na huko juu aongea peke yake na muuaji, ambaye ni kasisi, ndugu wa marehemu. Hamtishi wala hamchongei. Amwachia achague mwenyewe, na yule ashuka akajitoa kwa polisi.

Huyo ndiye mtani wetu. Amemchukua marehemu kwa kukataa asisingiziwe mtu mwingine, wala Mungu. Na amemchukua muuaji pia.

Hapa Nyanda za Juu Kusini jambo hili si mchezo. Mapema mwaka 2019, katika mkoa jirani wa Njombe, watoto waliuawa, na mauaji yale yalihusishwa na imani za ushirikina. Na katika nchi yetu vikongwe wengi wameuawa kwa sababu mtu alikufa na jirani hawakutaka kufa kwake kuwe na sababu nyingine isipokuwa uchawi. Kijana aliyezoea kuuliza, "Nani alikuwapo? Nani aliona? Jambo hili laweza kutendeka vipi?" amepata silaha njema. Ronald Knox, padri aliyetunga hadithi za upelelezi, aliweka mwaka 1929 amri kumi za utungaji huo, na mojawapo yakataza kabisa mizimu na nguvu za ajabu zisiwe jibu la fumbo.

Wala hatuna haja ya kwenda Ulaya kulipata somo hilo. Muhammed Said Abdulla wa Unguja alishinda shindano la East African Literature Bureau la miaka ya 1957 na 1958 kwa Mzimu wa Watu wa Kale, kilichochapwa mwaka 1960. Maiti yaonekana penye mzimu, watu waogopa, lakini Bwana Msa, kiko kinywani na rafiki yake Najum ubavuni, atafuta mkono wa mwanadamu. Humo pia mna mzaha, tena kwa Kiswahili kitamu ambacho vijana wetu wangefaidiwa nacho kuliko tafsiri zetu za haraka.

Basi shauri letu ni hili. Waendelee kutazama, ila si kila kipindi. Vipo vipindi ambavyo padri ni mtani kweli: amwombea aliyekufa, ahangaika kwa ajili ya aliyesingiziwa, amsihi mwenye hatia atubu. Vipo na vingine ambavyo marehemu ni fumbo tu la kupitishia jioni, na wacheza wafanya haraka kurudi kwenye chai. Mwalimu avitazame kwanza, akae pamoja na vijana, na mwisho awaulize jina la marehemu na ni nani aliyemlilia. Wakikosa kujibu mara mbili au tatu mfululizo, azime televisheni awape Bwana Msa wasome.

Nasi tangu tulipourudia mchezo huu twashika desturi hiyo nyumbani. Jumamosi iliyopita jina tulilikumbuka.