Kishikwambi Bila Mwalimu: Yaliyofanyika Tanga

Mwishoni mwa 2017, watoto karibu 3,000 katika vijiji 170 vya mkoa wa Tanga walianza kupewa vishikwambi aina ya Pixel C, msaada wa Google. Mwalimu hakuwepo, intaneti haikuwepo. Ndani ya kila kishikwambi mlikuwa na programu ya kumfundisha mtoto kusoma, kuandika na kuhesabu, na ilitakiwa ifanye kazi hiyo yenyewe kwa miezi 15. Hilo ndilo lililokuwa sharti la shindano la Global Learning XPRIZE, lenye zawadi za dola milioni 15. UNESCO, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani na Serikali ya Tanzania walishirikiana kuliendesha.

Sharti hilo ni gumu kuliko linavyosikika. Mtoto asiyejua herufi hata moja hawezi kusoma neno "anza" kwenye kitufe. Kila agizo lazima alisikie kwa sauti ya Kiswahili au alione kwa picha inayosogea, kisha aonyeshwe kitendo kabla ya kuombwa akirudie. Akikosea, programu inabaki na swali ambalo mwalimu angelijibu kwa kumtazama usoni tu: je, hajui jibu, hakuelewa agizo, au kidole kimeteleza? Hapo ndipo programu nyingi za watoto zinapokwama, kwa sababu zimetengenezwa zikitegemea kwamba mzazi yuko pembeni.

Timu tano zilifika hatua ya Tanga, na kila moja ilikuwa na njia yake. Chimple ya India iliweka michezo zaidi ya 60 na hadithi 70. RoboTutor ya Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon ilileta utaalamu wa kompyuta kutambua sauti ya msomaji, na CCI ya New York ikapanga masomo hatua kwa hatua. Onebillion, yenye ofisi London na Nairobi, ilikwisha kufanya kazi Malawi kwa Kichewa. Ilimwongoza mtoto kwa somo lililopangwa na kufuatilia maendeleo yake. Kitkit School ilitengenezwa na Enuma, kampuni ya Sooinn Lee na Gunho Lee. Wanandoa hao waliingia katika kazi hii wakimfikiria mtoto wao mwenye mahitaji maalumu, na naamini ndiyo maana programu yao inamvumilia mtoto anayekwenda taratibu.

Kiswahili chenyewe kilisaidia. Mtoto akiishika silabi "ma" katika "mama", ataikuta vilevile katika "maji" na "soma". Mtengenezaji anayeanzia kwenye silabi anafika kwenye neno zima mapema, na mtoto anaonja ushindi kabla hajachoka.

Umeme wa kuchaji vishikwambi hivyo ulitoka kwenye vituo vya sola vijijini.

Kabla ya jaribio, asilimia 74 ya watoto hao ilielezwa kuwa hawajawahi kwenda shule, asilimia 80 hawajawahi kusomewa chochote nyumbani, na zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15, idadi ya wasioweza kusoma neno ilipungua kwa nusu. Mei 2019 Kitkit School na onebillion zilitangazwa washindi kwa pamoja, dola milioni 5 kila moja.

Nusu hiyo ni ushindi mkubwa kwa watoto waliokuwa hawana darasa. Lakini nusu nyingine haifai kupitwa haraka: wapo waliokaa na kishikwambi zaidi ya mwaka wakatoka bila kusoma neno. Kwa mtoto wa namna hiyo, sauti ya kwenye kioo haitoshi. Anahitaji mtu wa kumketisha, kumsikiliza na kumrudisha alipoachia.

Programu zote tano ziliachwa huria, kwa hiyo mtaalamu wa Dodoma au Mombasa anaweza kuzifungua, kuzichunguza na kuzirekebisha. Malawi nayo imechagua njia tofauti na ya Tanga: kupitia mpango wa BEFIT, programu ya onebillion inaingizwa katika shule za msingi za serikali, darasa la kwanza hadi la nne, ikiwa sehemu ya ratiba ya siku na mwalimu akiwa chumbani.