Kushindwa Mara Mia

Msomaji, wachezaji wa Go humpa kila mwanafunzi wasia mmoja: ashindwe upesi michezo yake mia ya kwanza. Wasia huu husifiwa sana, nami nauona una ukweli nusu tu.

Go ulizaliwa Uchina, ukaenea Korea na Japani. Wachezaji wawili huweka mawe kwa zamu, mmoja meusi, mwenziwe meupe, penye makutano 361 ya mistari 19 kwa 19. Jiwe likishawekwa halisogezwi, si kama kete za bao letu. Likizibwa pande zote hutekwa. Mshindi ni yule aliyejizungushia eneo kubwa zaidi.

Ukweli wa wasia ni huu: mwoga hajifunzi. Mgeni hung'ang'ania jiwe lililokwisha kufa, akaliongezea mengine ili aliokoe, yakatekwa yote pamoja. Hasara hiyo sharti uionje mwenyewe.

Lakini je, ukishindwa mara mia kwa kosa lile lile? Hapo wasia wanyamaza. Mimi nilishindwa hivyo kwa miezi, nikijidai nina subira! Mchezo ukiisha, usikusanye mawe na kwenda zako. Urudie tangu jiwe la kwanza, pamoja na aliyekushinda, mpaka mfike pale mambo yalipoanza kuharibika. Mabingwa wa Japani hufanya vivyo hivyo, hata baada ya pambano la siku mbili. Nawe anza na ubao mdogo, wa mistari 9 kwa 9. Mchezo huisha mapema, na kosa huonekana kabla hujalisahau.