Dakika za kimya za King Crimson

Wengi wakiweka In the Court of the Crimson King, albamu ya kwanza ya bendi ya King Crimson, huiruka "Moonchild". Wimbo una dakika 12. Ukishaimbwa kwa dakika mbili na ushee, kinachobaki ni gitaa la Robert Fripp, vibrafoni ya Ian McDonald na ngoma za Michael Giles vikidokezana, bila tuni ya kushika. Nami niliuhesabu kuwa udhaifu, hadi nilipoacha kuipima albamu kwa nyimbo na kuipima kwa mfereji wa santuri.

Santuri ya mizunguko 33 na theluthi kwa dakika haipiti kwa kasi moja chini ya sindano. Ukingoni mfereji hukimbia takriban sentimita 50 kwa sekunde. Ukikaribia lebo, kasi hushuka chini ya nusu ya hapo. Sauti zile zile hulazimika kubanwa ndani ya urefu mfupi, na zile nyembamba ndizo huanza kukwaruza. Tena muziki wa kishindo huutikisa mfereji kushoto na kulia, kwa hiyo mizingo haina budi kuachiana nafasi. Muziki wa chini huiruhusu kusogeleana.

Basi "21st Century Schizoid Man" kufungua upande wa kwanza ni jambo la busara. Sauti ya Greg Lake imekwaruzwa kwa makusudi, na katikati bendi nzima inapiga kwa pamoja vipande vilivyokatwakatwa, ambavyo mmoja akichelewa kidogo tu vinageuka fujo. Ukali kama huo ungewekwa karibu na lebo, msikilizaji asingejua upi ni wa bendi na upi ni wa sindano.

Upande wa pili unaanza na "Moonchild", na kimya chake kinauzwa ghali: kila chembe ya vumbi inasikika. Lakini kinachonunuliwa ni nafasi. Mizingo ikibanana kwa zile dakika za minong'ono, wimbo wa mwisho, wenye zaidi ya dakika 9, unapata pa kupumulia.

Na unapahitaji. Albamu ilirekodiwa studio ya Wessex, London, kiangazi cha 1969, kwenye mashine ya njia 8, bendi ikijisimamia yenyewe baada ya jaribio la awali na mtayarishaji Tony Clarke kutofaulu. Ukuta wa fidla unaosikika kwenye wimbo huo wa mwisho ni Mellotron, kinanda cha tepe: kila kitufe huvuta utepe wake uliokwisha kurekodiwa, na utepe huisha baada ya sekunde kama 8. Mpigaji hawezi kulala juu ya noti zile zile, lazima ahame. McDonald alirundika tabaka juu ya tabaka, na rundo hilo ndilo linaloangukia mizingo ya ndani.

Toleo la CD la 2009, lililochanganywa upya na Steven Wilson na Fripp, lilikata dakika kadhaa za "Moonchild". Kwenye CD hakuna mfereji wa kuhurumia, naelewa. Ila kwenye santuri kuna mtego: wimbo wa mwisho unakoma, kinanda kidogo kinachezacheza peke yake, kisha kundi zima linarudi kwa nguvu, hatua chache kutoka kwenye lebo. Bado huwa nimeshanyanyuka kwenda kuinua mkono wa sindano.