Kimya cha Mkalimani

Mhubiri mgeni anapopanda mimbarini katika kanisa la kijijini Ngara, pengine hasimami peke yake. Pembeni yake yupo mkalimani, anayepokea Kiswahili chake na kukitoa kwa Kihangaza ili mabibi na mababu wa viti vya mbele wasibaki nje ya ibada. Sentensi nyingi zinapita kama maji mferejini. Kisha linafika neno zito, neema au dhamiri, na mkalimani ananyamaza. Mhubiri anamgeukia, watu wanasubiri. Halafu neno linatoka, na mabibi wanaitikia kwa kichwa. Wapo wanaokiona kimya kile kuwa upungufu. Mimi nakiona ndicho kilele cha ufundi, na ndicho ninachokisifu hapa.

Maana maneno makuu ya dini na fasihi hayavuki mpaka mikono mitupu. Chukua jina la Mungu. Kihangaza na Kishubi, lugha za Ngara, ni ndugu wa Kinyarwanda, Kirundi na Kiha, na kwa Wanyarwanda na Warundi Mungu ni Imana. Lakini watu haohao husema "kugira Imana", yaani, neno kwa neno, "kuwa na Mungu", wakimaanisha kubahatika. Mkalimani mwenye papara atamgeuza mtu aliyenusurika ajali kuwa mcha Mungu. Wamisionari Wakatoliki walioingia Rwanda walilikwepa jina hilo wakapeleka "Mungu" ya Kiswahili, na ilichukua miongo kadhaa kurudi kwenye Imana. Sokoni Biharamulo, Msukuma atamtaja Mulungu, ndugu wa jina letu la Kiswahili. Ukipanda kaskazini hadi kwa Wanyankole wa Uganda utamsikia Ruhanga, jina lililotoka kwenye kitenzi cha kuumba. Jina moja limebeba heri, jingine limebeba kazi ya Muumba. Anayeyavusha hana budi kujua kila moja limebeba nini kabla hajafungua kinywa.

Kiswahili kimeihifadhi hekima hii ndani ya jina la kazi yenyewe. Kwa Kiarabu, tafsiri ni kufafanua. Ndiyo elimu ya kuieleza Kurani. Sisi tukalitumia neno hilo kwa kuhamisha maneno kutoka lugha hadi lugha, kana kwamba waliotutangulia walikwisha kuona kwamba huwezi kuhamisha usichokielewa. Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy wa Zanzibar, katika Qurani Takatifu yake iliyokamilika kuchapishwa mwaka 1969, aliziambatanisha aya na maelezo yake. Alikuwa mfasiri kwa maana zote mbili.

Hata neno fasihi lina kisa chake. Waarabu huiita sanaa ya maneno adab. Sisi tulilipokea neno hilo likawa adabu, ile tunayowafunza watoto tangu wanapoanza kuamkia wakubwa. Sanaa ya maneno tukaiita fasihi, kutoka kwenye ufasaha, usemaji ulio wazi na mzuri. Wazungu walijenga jina lao juu ya litera, herufi ya Kilatini. Ndiyo maana Pio Zirimu wa Uganda ilimbidi aunde neno jipya la Kiingereza ili sanaa ya mdomo ipate heshima yake. Kwetu, bibi wa Rulenge anayetamba ngano kando ya moto, hata kama hajui kusoma, yumo ndani ya neno fasihi tangu mwanzo. Waliolichagua walimfungulia mlango.

Mwalimu Julius Nyerere naye, alipofasiri tamthilia ya Shakespeare kuhusu mfanyabiashara wa Venice, alikuwa na maneno tele mkononi: tajiri, mchuuzi, mfanyabiashara. Akachukua bepari, na mwaka 1969 kitabu kikatoka kwa jina la Mabepari wa Venisi. Bepari lilitufikia kutoka Uhindi, na huko maana yake ni mfanyabiashara, basi. Lakini katika Tanzania iliyotoka kupitisha Azimio la Arusha mwaka 1967, lilikwisha kubeba lawama. Neno likawa aminifu kwa asili yake, likawa aminifu na kwa wakati wake.

Ngara, ufundi huu uliwahi kudaiwa kwa uzito mwingine. Mwishoni mwa Aprili 1994, Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka daraja la mpakani la Rusumo kwa muda wa siku moja hivi, na kambi ya Benaco ikawa mji. Lugha yao haikuwa ngeni masikioni mwa Wahangaza. Kwenye makaratasi waliitwa wakimbizi, watu waliokimbia. Kinyarwanda nacho kina impunzi, kutoka guhunga, kukimbia. Lakini kina pia umushyitsi, mgeni, jina lenye asili ya kitenzi cha kufika. Mtu ni yuleyule, na vumbi miguuni ni lilelile. Jina moja linatazama alikotoka, jingine linatazama alipofika. Sheria ilihitaji la kwanza, na ilikuwa haki, kwa kuwa ndilo linalompa hifadhi. Ila mama aliyeketi chini ya turubai, mtoto mgongoni, alistahili kulisikia na la pili. Aliyeweza kumpa ni yule aliyezijua lugha zote mbili.

Ndiyo sababu naumia tunapowakaririsha wanafunzi istilahi kama orodha ya bei, bila kuwaonyesha kila neno limetoka wapi na linabeba nini. Kuyapima maneno hivi hufundishika, kama mizani ya dukani inavyofundishika.

Ibada ikiisha, bibi wa kiti cha mbele anajikongoja kurudi nyumbani, na jioni anamwambia mjukuu wake lile neno kwa Kihangaza, kama neno lake mwenyewe. Hajui ni maneno mangapi yalikataliwa katika kile kimya ili hili moja limfikie.