Sikio la Mwalimu wa Gredi ya Kwanza

Mwalimu anasimama mbele ya darasa na kutamka sauti moja tu, sauti ya herufi b. Watoto wanasikiliza. Anaitamka tena, safari hii pamoja nao. Kisha ananyamaza na kuwaachia waitamke peke yao, kwanza darasa zima, halafu safu ya dirishani, halafu mtoto mmoja mmoja. Baada ya hapo sauti inaungana na irabu: ba, be, bi, bo, bu. Silabi zinaungana na kuwa neno: baba, bibi, babu. Neno linaingia kwenye sentensi, sentensi inaingia kwenye hadithi fupi yenye picha, na kabla ya kuisoma watoto wanaulizwa wanadhani kitatokea nini. Somo lote ni la nusu saa. Mpita njia ataliona jepesi, lakini mimi sijui kazi ya mikono, ya useremala wala ya ufinyanzi, inayodai makini zaidi ya hii.

Njoro inaifanya kazi hiyo kuwa ngumu maradufu. Mji huu wa Kaunti ya Nakuru una Wakikuyu, Wakalenjin, Waturkana, Waluhya na Wakisii, na ukipanda kuelekea Nessuit na Mauche, kwenye ukingo wa msitu wa Mau, unawakuta Waogiek. Watoto wao huketi dawati moja. Mtoto aliyelelewa kwa Kikuyu anaweza kusoma “kulala” na kinywa kikatoa “kurara”, kwa kuwa l na r kwake hazijaachana. Jirani yake anayezungumza Kikipsigis nyumbani anaweza kuliona neno “gari” na kulitamka “kari”, au “bata” likawa “pata”. Mwalimu hodari hasikii kosa la aina moja hapo. Anasikia mambo mawili. La kwanza ni mtoto ambaye hajaitambua herufi, na la pili ni mtoto aliyeitambua vizuri ila ulimi wake unaisema kwa desturi ya nyumbani. Wa kwanza anahitaji kurudishwa kwenye kadi ya herufi. Wa pili amesoma sawasawa, na akikaripiwa kana kwamba hajui, huenda akakaa kimya mwaka mzima. Kuwatofautisha, ndani ya sekunde mbili, katika darasa lenye watoto hamsini na zaidi, ndiyo kazi ninayoisifu hapa.

Zamani kazi hii haikupewa uzito. Tafiti za miaka ya mwanzo ya 2010 za Uwezo, mpango unaopima usomaji wa watoto, zilionyesha kwamba katika kila watoto 10 wa Darasa la 3, takriban 3 tu ndio walioweza kusoma hadithi ya kiwango cha Darasa la 2. Wengi wetu tulisomeshwa kwa kuimba ubao: mwalimu anaelekeza kwa fimbo, darasa linaitikia, na aliyekariri wimbo anahesabiwa kuwa amesoma. Mtoto aliweza kufika Darasa la 4 akiwa hajawahi kusoma hata mstari mmoja peke yake, na hakuna aliyegundua kwa sababu hakuna aliyewahi kumsikiliza peke yake.

Ndipo Wizara ya Elimu, kwa ufadhili wa USAID na usimamizi wa shirika la RTI, ilipoanza mwaka 2011 mradi wa majaribio ulioitwa PRIMR, na Nakuru ikawa miongoni mwa kaunti za kwanza kushiriki, pamoja na Nairobi, Kiambu na Kisumu. Watu wa Njoro wanaelewa vizuri maana ya kujaribu. Katika kituo cha utafiti wa ngano cha hapa mjini, aina za ngano kutoka nchi nyingi hupandwa ubavu kwa ubavu ili ionekane ni ipi inayostahimili kutu ya shina. PRIMR ilizipanga shule kwa namna hiyo. Baadhi zilipata mafunzo ya walimu na mshauri wa kuwatembelea. Nyingine zikaongezewa vitabu, kila mtoto na chake. Nyingine zikapata hayo yote pamoja na mwongozo wa mwalimu, unaoonyesha somo la kila siku hatua kwa hatua. Kundi la mwisho ndilo lililosonga mbele zaidi, tena kwa gharama ndogo ukilinganisha na matokeo. Kule Kisumu walijaribu pia vifaa vya kielektroniki, kwa walimu, kwa washauri na kwa wanafunzi. Gharama ilipanda lakini usomaji haukuuzidi ule wa mpango wa kawaida kwa kiasi cha maana. Kitabu cha karatasi mikononi mwa kila mtoto kilitosha.

Mwaka 2015 mpango huo ulienea nchi nzima kwa jina la Tusome, katika shule za msingi za umma zipatazo 23,000.

Mwongozo wa mwalimu ndio uliozua ubishi, na ubishi wenyewe una uzito. Wapo waliosema kwamba kumwandikia mwalimu la kusema ni kumgeuza kasuku. Nimelifikiria sana jambo hili na siafikiani nao, ingawa hofu yao naielewa. Watafiti waliolinganisha miongozo ya nchi nyingi waligundua kwamba ile iliyomwandikia mwalimu kila neno haikufanya vizuri kuliko ile iliyomwachia nafasi, na walipoingia madarasani Kenya wakakuta walimu wanaibadilisha miongozo yao: wanaongeza mfano, wanarudia hatua, wanaruka iliyokwisha kueleweka. Hivyo ndivyo fundi anavyokitumia kipimo. Mwalimu ambaye hahitaji kukesha akitunga somo la kesho ana nguvu ya kutazama midomo ya watoto leo. Mwongozo humwambia afunze silabi ipi, lakini hauwezi kumwambia kwamba mtoto wa safu ya nyuma anafumba macho na kufuata sauti za wenzake.

Kumpima msomaji nako kuna ustadi wake. Mtoto hupewa hadithi fupi na dakika moja, naye msikilizaji huhesabu maneno aliyoyasoma sawasawa. Kwa Kiswahili, kiwango kilichowekwa ni maneno 17 kwa dakika kwa anayeanza kusoma, na 45 kwa msomaji fasaha. Kwa Kiingereza ni 30 na 65. Tofauti hiyo isimshangaze mtu: maneno ya Kiswahili ni marefu, na neno moja kama “wanapokimbizana” hubeba ambacho Kiingereza hukigawa katika maneno kadhaa. Msikilizaji mzuri hamharakishi mtoto wala hamsaidii kwa kukunja uso. Anasubiri. Mtoto anaposita kwenye “ng'ombe”, anampa muda wake, halafu anamwacha aendelee.

Anayekuja kufanya hivyo ni ofisa wa mtaala, ambaye mara nyingi hufika kwa pikipiki, na kwenye matope ya Mau Narok wakati wa mvua hiyo si safari ya mchezo. Anaketi nyuma ya darasa na kishikwambi chake, anafuatilia somo, kisha anawachagua watoto 3 bila kupendelea na kuwasikiliza wakisoma. Baada ya hapo anazungumza na mwalimu. Ninapenda sana utaratibu huu kwa sababu unaanzia kwa watoto. Ofisa na mwalimu hawajadili kama ubao ulikuwa nadhifu au kama maazimio ya kazi yamejazwa. Wanajadili kwa nini watoto wawili kati ya wale watatu walikwama kwenye silabi zilezile, na lipi lifanywe kesho.

Matokeo yalionekana mapema. Tathmini za miaka ya mwanzo zilionyesha kwamba idadi ya watoto wasioweza kusoma hata neno moja ilipungua sana, na waliofikia viwango wakaongezeka. Hata hivyo, wengi wa Darasa la 2 bado hawakuwa wamefikia yale maneno 45 ya Kiswahili, na asiyelitaja hilo anawapunja walimu, maana ndilo linaloonyesha ukubwa wa kazi waliyobaki nayo.

Ufadhili ule umekwisha, na USAID yenyewe ilifungwa mwaka 2025. Vitabu vinachakaa, na kila Januari Gredi ya kwanza huingia na watoto wapya wasiojua herufi. Kununua nakala nyingine na kulipia mafuta ya pikipiki ya ofisa wa mtaala sasa ni juu ya bajeti yetu wenyewe, na ni gharama ndogo mno kwa nchi inayotaka kuwa na wasomaji. Walimu waliofunzwa bado wako madarasani, Lare, Kihingo na kwingineko, na mwalimu aliyekwisha kujua tofauti kati ya ulimi wa nyumbani na herufi isiyotambuliwa hawezi kurudi kuimbisha ubao.